Nilikuwa na ngome, yeye farasi tu: kwa nini nimeshindwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye mashindano yetu ya sataranji, yaliyochezwa kwa sheria za FIDE (shirikisho la sataranji duniani), kila mmoja alikuwa na dakika 60 bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Nilibaki na mfalme na ngome, mwenzangu mfalme na farasi mmoja. Muda wangu ukaisha, mwamuzi akampa ushindi. Farasi mmoja atamfungaje mfalme, yaani amshambulie asibaki na pa kukimbilia? Kwenye simu huwa sare. Je, nilionewa?

JIBU: Marahaba. Najua inauma, lakini mwamuzi alikuwa sahihi.

Kifungu cha 6.9 cha sheria hizo kinasema aliyeishiwa muda ameshindwa, isipokuwa kama mpinzani hawezi kumfunga mfalme wake kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Uzito uko kwenye "wowote". Mwamuzi hapimi nani alikuwa anaelekea kushinda. Anaangalia kama kufungwa kunawezekana, hata kwa wewe kucheza ovyo kabisa.

Panga kete uone (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari wa kulala). Mfalme wako a8, ngome yako b8, mfalme wake a6, kisha farasi wake anatua c7. Umepigwa shahi, yaani mfalme wako anashambuliwa. Miraba ya a7 na b7 inalindwa na mfalme wake, b8 umeiziba mwenyewe, na ngome yako haifiki c7. Umefungwa, na kete yako ndiyo iliyokuzibia njia.

Sasa weka malkia mahali pa ngome. Malkia aliye b8 anamla yule farasi kwa mshazari, na hakuna mpangilio mwingine utakaomwezesha farasi kukufunga. Kwa hiyo ungekuwa na malkia, ingekuwa sare na ungepata nusu pointi! Wanafunzi wangu hubisha hapa mpaka wajaribu wenyewe ubaoni.

Ya simu: baadhi ya programu hufuata mkondo wa sheria za Marekani, ambako mwenye farasi pekee hapewi ushindi wa muda asipokuwa na ushindi usioepukika.

Siku nyingine saa ikikubana, mle farasi kwa ngome hata kama ngome italiwa. Wafalme wawili wakibaki peke yao, mchezo ni sare papo hapo. Au mwombe mpinzani sare mapema, maana ngome dhidi ya farasi aliye karibu na mfalme wake kwa kawaida haishindi.

Pia muulize mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza kama ametangaza utaratibu wa michezo isiyo na nyongeza. Ukitumika, mwenye zamu aliyebakiwa na chini ya dakika 2 anaweza kuomba wote wawili waongezewe sekunde 5 kwa kila hatua. Ombi hilo huhesabiwa kuwa umependekeza sare. Mpinzani akiikataa sare na mwamuzi akaridhia ombi, mpinzani hupewa dakika 2 zaidi.