Dawa ya Saratani, Ganzi ya Miguu na Ua la Uani

SWALI: Dada mfamasia, hujambo? Mwanangu wa miaka minane anatibiwa limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya, hapa Kisumu. Anadungwa vinkristini. Niliambiwa huzuia seli za saratani kugawanyika. Mbona sasa vidole vya miguu vinakufa ganzi na patipati zinamtoka akitembea? Jirani naye anasema dawa yenyewe ni lile ua la rangi ya waridi la uani, nimchemshie tu. — Mama, Ahero

JIBU: Pole sana, mama. Jirani ua analijua, kipimo ndicho hakijui. Vinkristini hutoka kweli kwenye ua hilo lenye asili ya Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walilipima kwa ajili ya kisukari, maana Jamaica watu walikunywa chai yake. Sukari ya panya haikushuka; chembe nyeupe za damu ndizo zilizopukutika. Wakapata vinblastini, ndugu wa dawa ya mwanao. Lakini mamia ya kilo za majani makavu hutoa kama gramu moja tu ya vinkristini, na mtoto hudungwa miligramu zisizozidi mbili. Sufuria haipimi hivyo, na majani yana kemikali nyingine tele. Usimpe.

Sasa ganzi. Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu huku na huku. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, seli ikakwama, ikafa. Kumbe mishipa ya fahamu, ingawa haigawanyiki, hutumia nyuzi hizohizo kama reli ya kusafirishia mahitaji yake toka uti wa mgongo hadi vidoleni. Mishipa mirefu huumia kwanza, basi miguu.

Watafiti wakasaka dawa isiyogusa nyuzi. Mwaka 1999, baada ya kupekua kemikali zaidi ya 16,000, wenzao wa Harvard walipata monastroli, inayozuia protini moja tu, Eg5, ile inayosukuma nyuzi zitengane. Sisi wa madawa tulitarajia makubwa! Dawa za kundi hilo zilipofika kwa wagonjwa, ganzi ilikuwa kidogo, ila uvimbe mwingi haukusinyaa. Kwa hiyo vinkristini bado ipo, na Burkitt inaiogopa.

Usikatize matibabu. Kabla ya sindano ijayo mweleze daktari habari ya patipati, hivyohivyo ulivyoniandikia. Anaweza kupunguza kipimo. Choo kikifunga, sema pia, ni dawa ileile. Na yeyote akimwandikia itrakonazoli ya fangasi, mwonyeshe kwanza kadi ya kliniki, kwani huzidisha makali ya vinkristini.