Unapofiwa na ndugu, pole nyingi huenda kwa mama

Kufiwa na ndugu kuna upweke wake, kwa sababu taratibu zetu nyingi za msiba zimewekwa kwa ajili ya watu wengine. Mjane ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, wazazi wana jamvi na watu wa kuwapa mkono wa taazia, lakini wewe kijana uliyelala chumba kimoja na marehemu tangu utotoni unahesabiwa miongoni mwa watenda kazi: unafuata turubai, unapanga viti, unagawa maji, na kila anayekupa pole anaongeza papo hapo kwamba ujikaze, mama anakutegemea.

Kaka yangu alikuwa fundi redio hapa Tanga, nami nilijikaza hivyo hadi matanga yakaanuliwa. Walionifungua ni wateja wake. Walikuja mmoja mmoja kufuata redio zao, wengine hawana habari, ikabidi niwaambie pale mlangoni huku nimeshika kikaratasi chenye mwandiko wake: "Mzee wa Chumbageni, spika ya kushoto." Baadhi yao waliketi wakanisimulia mambo yake ambayo nyumbani hatukuyajua. Ndiyo maana nakushauri uwatafute waliomjua ndugu yako nje ya familia, wawe wa kazini, wa kijiweni au wa timu, kwani mbele yao hulazimiki kuficha machozi kwa kumhofia mama.

Wapo watakaokuhesabia hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kusihi, huzuni kubwa na kukubali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 akiandika kuhusu wagonjwa waliokikabili kifo chao wenyewe, kwa hiyo usijipime kwazo. Unaweza kucheka harusini leo, kesho ukamkasirikia marehemu kwa kukuachia madeni yake, na yote mawili yakawa ni majonzi.

Yako mambo yasiyongoja. Hamishia kwingine picha na ujumbe wake wa sauti, maana laini isiyotumika hufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Omba uachiwe shati moja kabla mashangazi hawajafunga mafurushi (nao hufunga haraka mno). Ukiwa chuoni, peleka maombi ya kuahirisha mitihani kabla haijaanza.

Tangu Januari 2022, ICD-11, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unayahesabu majonzi kuwa tatizo la kiafya yanapodumu zaidi ya miezi 6, yakapita desturi ya jamii ya mfiwa na kumzuia kuendesha maisha yake. Ikiwa unawaza kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Mwambie mtu mzima unayemwamini akusindikize hospitali. Ukifika, mweleze daktari waziwazi kwamba umefiwa na ndugu yako, kwa sababu ukitaja kichwa na kukosa usingizi tu, huenda ukarudi nyumbani na vidonge vya maumivu badala ya kuelekezwa kliniki ya afya ya akili.