Mama Bustani Anajibu: Chungu cha mtu asiyeshinda nyumbani

Swali: Shikamoo Mama Bustani. Mimi ni muuguzi, nakaa Sinza, ghorofa ya pili. Natoka saa kumi na moja alfajiri, na nikipangiwa zamu ya usiku ndiyo kabisa, narudi hata chai siwezi kuchemsha. Maua yangu yananifia. Lile lenye majani mapana na ua jeupe limelala, na ule mmea unaofanana na mkonge umeoza shina. Jumapili nikipata nafasi nayamwagilia yote sawasawa, ndoo nzima inaisha. Madukani nimeona vyungu vinavyojimwagilia vyenyewe ila bei imenishinda. Naweza kutengeneza changu?
Nesi wa Sinza

Marahaba, mwanangu, na pole na zamu. Unaweza, tena kwa vitu vya kuokoteza. Ila hiyo ndoo ya Jumapili iache kwanza. Mkonge wako umeoza kwa sababu unakunywa kidogo na unakaa na maji yake ndani ya majani. Mwenzake mwenye ua jeupe anataka unyevu kila siku, kwa hiyo Jumapili anashiba, Alhamisi analala. Huyo hajafa: kata majani yaliyokauka, weka chungu chake kwenye beseni la maji nusu saa, utamwona anainuka. Uliooza shina tupa, bakiza majani mazima. Katakata vipande, acha vikauke siku chache, chomeka kwenye mchanga.

Kwa hiyo chungu cha kujimwagilia ni cha wenye kiu peke yao. Ukimweka mkonge humo utamuua haraka kuliko unavyomuua sasa.

Tafuta ndoo mbili za rangi zinazolingana, za lita 10. Mafundi rangi huzitupa. Omba, osha vizuri. Ya nje ndiyo tangi, usiitoboe chini. Ya ndani ndiyo chungu. Kata vipande vitatu vya bomba la plastiki vyenye urefu sawa, kila kimoja kirefu kama upana wa kiganja, uvisimamishe ndani ya ndoo ya nje, halafu ndoo ya ndani ikae juu yake. Hapo chini pameingia kama lita 3 za maji. Usitamani tangi refu zaidi ya hapo, maana maji yakishuka sana utambi, yaani ile kamba inayonyonya maji ya tangi kuyapeleka kwenye udongo, hauwezi kuyapandisha.

Pasha msumari moto. Chini ya ndoo ya ndani toboa tundu la katikati linaloingia kidole, la kupitisha utambi, matundu madogo kadhaa ya kupitisha hewa, na moja pembeni la kupitisha bomba la kujazia, ambalo litasimama kutoka kwenye tangi hadi juu ya udongo. Kisha ndoo ya nje toboa ubavuni, kidole kimoja chini ya kitako cha ndoo ya ndani. Hilo tundu wengi hulisahau, na ndilo linalookoa mizizi: ukijaza kupita kiasi, maji yanatoka nje badala ya kupanda kwenye udongo. Weka sahani chini, majirani wa ghorofa ya kwanza wasikununie.

Sasa utambi. Pamba inavuta vizuri lakini inaoza mapema. Mimi natumia soksi ndefu za kike za nailoni zilizochanika, nazisokota. Kamba ya nailoni mpya ifue kwanza kwa sabuni. Kabla ya kufukia chochote, ijaribu: ncha moja kwenye glasi ya maji, nyingine ining'inie nje juu ya tambara kavu, kalale. Asubuhi tambara likiwa kavu, tafuta kamba nyingine. Utambi ufike chini kabisa ya tangi, na juu uutandaze ndani ya udongo, usiusimamishe tu katikati.

Udongo mweusi wa bondeni usiutumie, ukilowa unashikana na mizizi inakosa pumzi. Changanya mboji, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na pumba za mpunga zilizochomwa. Siku ya kwanza mwagilia kutoka juu mpaka udongo wote ulowe, bila hivyo utambi hauanzi kuvuta. Baada ya hapo jaza kwa bomba.

Utajuaje tangi limebaki na kiasi gani? Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke kwenye kipande cha lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, ukitumbukize ndani ya bomba. Maji yakishuka, kijiti kinashuka. Wiki ya kwanza pima umeongeza kiasi gani. Kama ni lita moja, basi lita 3 ni kama wiki tatu, hata wakikubadilishia zamu.

Na kitu kimoja sikubali mjadala: mdomo wa bomba na tundu la ubavuni vifungwe kipande cha chandarua. Mbu wa dengue anataga kwenye maji yaliyotuama, hata masafi ya ndani ya nyumba, na anauma mchana. Dar imeugua dengue 2014 na tena 2019, wewe muuguzi unajua kuliko mimi.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kila baada ya mwezi au miwili toa ndoo ya ndani, imwagie maji ya mvua kutoka juu yapite yote, irudishe.

Ukizoea, jaribu na ua la Usambara, lile dogo la zambarau. Ni la milima yetu ya Tanga, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara kwa kuwa Mjerumani mmoja mtawala ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Majani yake yenye manyoya yakipata matone ya maji baridi yanatoka madoa, kwa hiyo utambi linaupenda mno. Ila tumia kikopo kidogo, si ndoo.

Swali: Mama, ofisi yangu Nairobi haina dirisha, na mimi husafiri kila mara kikazi. Nipande nini?
Msafiri

Zamia. Ni yenyewe ile yenye vijani vinene vinavyong'aa. Inaota porini kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, lakini tuliipuuza mpaka Waholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa tunainunua kwa bei ya mgeni. Chini ina viazi vinavyotunza maji. Iweke kwenye chungu cha udongo chenye tundu, usimwagilie mpaka udongo ukauke hadi chini. Ila hakuna mmea unaoishi bila mwanga kabisa. Nunua miwili, mmoja ukae dirishani nyumbani, na kila baada ya wiki chache uibadilishe zamu.

Swali: Naishi Muscat, kila mwaka nakwenda Unguja mwezi mzima. Kiyoyozi nazima. Chungu cha utambi kitatosha?
Bi. Mkubwa wa Ruwi

Shikamoo Bi. Mkubwa. Kwa joto la huko, nyumba ikiwa imefungwa, mimi nisingekitegemea peke yake. Tafuta kijungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ukifukie katikati ya chungu kikubwa, mdomo ubaki nje, ukijaze maji na kukifunika. Kinavuja polepole pale udongo unapokauka. Vyungu vyote vitoe dirishani, uvikusanye pamoja kwenye chumba chenye kivuli. Na ujaribu mpango huo wiki mbili kabla ya safari, ukiwa bado nyumbani, ili kama maji yanaisha mapema umpe jirani ufunguo.