Utumbo unajitengenezea ngozi mpya, sasa mbona vidonda havifungi?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mwanangu wa kiume kapigwa kamera, wakasema utumbo mpana umevimba na una vidonda, anaharisha damu. Nimesoma utumbo una seli mama zinazoleta ngozi mpya kila baada ya siku chache, sasa mbona haponi? Na jirani anauza vidonge vya stemu seli, yaani hizo hizo seli mama, eti vinamaliza kabisa. Mama, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Shikamoo mama. Ulichosoma ni kweli, ngozi ya ndani ya utumbo inabadilika yote kwa siku 3 mpaka 5 hivi, na seli mama zenyewe zimejificha chini kabisa kwenye vishimo vidogo vya ukuta, timu ya Hans Clevers kule Uholanzi ndo walizionyesha wazi 2007. Zinajigawa, watoto wake wanapanda juu taratibu, na njiani kila mmoja anapata kazi yake, huyu kunyonya maji huyu kutoa ute.

Shida inaanzia kwenye huo ute. Uvimbe ukikolea seli za ute zinapungua, bakteria wanaufikia ukuta, kinga ya mwili inazidi kuchachamaa. Halafu kuna kitu watu hawakiongelei, kwenye uboho wa mifupa nako kuna seli changa zinazosafiri na damu mpaka utumboni, kwa mzima zikifika zinatulia zinakuwa walinzi wapole, ila palipovimba zinakuja nyingi na zinageuka wapiganaji, zinamwaga kemikali za kuchochea uvimbe kama TNF na kubomoa zaidi. Ni fundi anapandisha tofali huku mwenzake anaangusha ukuta, kidonda kitafunga saa ngapi? Dawa kama mesalazini na prednisoloni kazi yake ni kumzuia huyo wa kubomoa, kufunga kidonda seli mama zitafunga zenyewe.

Vidonge vya jirani achana navyo mama, kwenye kopo hakuna seli hai, na hata ingekuwepo tumbo lingeisaga tu. Tiba ya seli ya kweli, Alofisel, ilikuwa sindano ya fistula (vijitundu vinavyotoboka kutoka utumboni) za Crohn, ugonjwa mwingine wa utumbo kuvimba, Ulaya waliiruhusu 2018 na 2024 ikatolewa sokoni baada ya utafiti mkubwa kutoonyesha faida, sasa kopo la mtaani ndo liweze?

Ila uliza kliniki kama walipima amiba na TB ya utumbo, vinafanana sana na ugonjwa huu wa utumbo kuvimba na prednisoloni inaweza kuichochea TB. Kama ashaanza kumeza prednisoloni asiiache ghafla, arudi kliniki na majibu ya kinyama, kama walikikata utumboni wakati wa kamera.