Barua za wasomaji: mbio za baiskeli kwenye barabara za vumbi

Barua za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: vipi watu wa kawaida wataandaa mbio za baiskeli kwenye barabara za changarawe wanazozipita kila siku, bila mdhamini mkubwa. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

Sisi ni klabu ya watu 12. Tunataka kuandaa mbio za kilomita 60 kwenye murram (barabara ya changarawe). Tuanzie wapi, na tujipe muda gani? (Msomaji, Nyahururu)

Jipeni miezi sita. Fulana na bango viacheni kwanza, tafuteni njia. Tungependa iwe mzunguko wa kilomita 30 unaopitwa mara mbili. Watu wa kusimama njia panda wanapungua nusu, kituo kimoja cha maji kinafanya kazi ya viwili, na aliyepasukiwa na tairi hayuko mbali na alikoanzia. Ubaya wake ni kwamba wenye mifugo wanakatizwa mara mbili, kwa hiyo mzunguko usipite sokoni wala kwenye njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Njia yenyewe ipitieni kwa baiskeli mara tatu: wakati wa ukavu, siku moja baada ya mvua, na siku ile ile ya wiki na saa ile ile ya mbio. Hiyo ya tatu huachwa na wengi, nayo ndiyo inayoonyesha mambo. Jumamosi sehemu nyingi za Kenya ni siku ya mazishi, na msafara wa magari 30 hausimamishwi na kijana mwenye kibendera. Jumapili kuanzia saa tatu watu wako njiani kwenda kanisani. Wengi hupata nafuu wakianza Jumamosi saa moja na nusu asubuhi na kumaliza mbio kabla ya saa sita.

Mvua ya usiku wa kuamkia mbio isiwakute hamna mpango. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaa kati ya tairi na foko (uma unaoshika gurudumu) mpaka gurudumu linagoma. Anayelazimisha kukanyaga huvunja kile chuma kinachobeba geya za nyuma, na mbio zake zimeishia hapo. Kila kipande cha udongo huo kiwe na njia ya kukizunguka, iliyopimwa na kuwekwa kwenye ramani mapema. Ulizeni pia ofisi ya barabara ya kaunti kama greda linakuja. Barabara iliyochongwa wiki ya mbio huonekana nzuri kwa macho, lakini changarawe yake haijashindiliwa na tuta la kokoto hubaki katikati. Kwenye mteremko hapo ndipo watu huanguka.

Kila tukienda kwa wazee wanatuuliza: kijiji kitapata nini? Tunajibu kwamba mbio zitatangaza eneo letu, lakini hawaridhiki. (Msomaji, Lushoto)

Wana haki ya kutoridhika. Tangazo halinunui sukari. Rudini na bajeti mkononi, muwaonyeshe ni mistari gani ya bajeti hiyo itatumika kijijini, kwa nani na lini.

Anzeni na chakula. Msinunue maji ya chupa na biskuti mjini. Kipeni kikundi cha kina mama, kiwe cha vikoba (vya kuweka na kukopa) au cha kanisa au cha msikiti, oda kamili ya ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, uji na chakula cha kumalizia. Andikeni idadi, bei na saa ya kupokea, na mlipe nusu wiki mbili kabla. Msipotoa malipo ya awali mtakuwa mnawakopa wao mtaji, na asubuhi ya mbio mtakuta nusu ya chakula haijapikwa kwa sababu fedha ya kuni haikuwepo.

Kisha walinzi wa njia. Kila kitongoji kitoe watu wake wa kusimama kwenye njia panda zake. Mgeni mwenye koti la rangi hawezi kumwambia mzee wa hapo ashikilie mbuzi wake kwa dakika mbili, lakini kijana anayemjua mzee huyo kwa jina la ukoo anaweza. Wape posho, koti la kuakisi, filimbi na karatasi yenye namba tatu za simu. Kwa mzunguko wa kilomita 30 hesabuni mtu mmoja kila njia panda inayoweza kupoteza mtu, na wawili kwenye mteremko mkali wenye kona.

Vijana wa bodaboda ndio jeshi lenu. Sita wanatosha: mmoja mbele ya wa kwanza, mmoja nyuma ya wa mwisho, wawili na watu wa huduma ya kwanza, wawili wa kuzungusha ujumbe na tyubu. Petroli mlipe jana yake. Posho iwe sawa na anachopata siku ya soko, sivyo ataiacha kazi yenu katikati abiria akitokea. Aliye mbele akae mita 200 au zaidi kutoka kwa waendeshaji. Na gari la wapiga picha lisiwe mbele kabisa, maana vumbi lake ndilo kundi zima litakalolila kwa saa mbili.

Wenye ng'ombe huwa wanasahaulika kwa sababu hawaji kwenye vikao. Wafuateni malishoni. Ulizeni mifugo inakunywa saa ngapi na inavuka wapi, kisha mpange mbio kuzunguka saa hizo, maana ng'ombe hawatajipanga kwa ajili yenu. Mwendesha baiskeli akikuta kundi linavuka, anashuka na kusubiri. Sheria hiyo isomwe mwanzoni kwa sauti, na anayepenya katikati ya ng'ombe aondolewe.

Mambo mawili huharibu uhusiano kuliko yote. La kwanza ni ahadi iliyotolewa kwa kiongozi mmoja faraghani. Makubaliano yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na yaingie kwenye muhtasari, mtendaji na mwenyekiti wakiwepo. La pili ni magari ya watazamaji kuegeshwa shambani kwa mtu. Kodini uwanja, uwekeni kamba, na muwe na kiasi cha fedha pembeni cha kulipa mahindi yatakayokanyagwa siku hiyo hiyo. Fidia ya mwezi ujao huwa ni ugomvi.

Maji kiasi gani? Mwaka jana yaliisha saa nne. (Msomaji, Babati)

Msihesabu watu, hesabuni mapito. Tuchukue ule mzunguko wa kilomita 30 na waendeshaji 120: 80 wa kilomita 60 (mizunguko miwili) na 40 wa kilomita 30. Kituo cha kilomita 15 kitapitwa mara 200, yaani 80 mara mbili, na 40 mara moja. Kila pito ni lita 0.6, jumla lita 120. Ongezeni theluthi kwa kinachomwagika na kinachomwagwa kichwani, mnafika lita 160, yaani madumu manane ya lita 20. Pale pa kuanzia na kumalizia, wale 80 wanapita katikati ya safari (lita 48) na wote 120 wanamaliza wakitaka lita moja moja. Ni lita 168, na theluthi yake mnakaribia lita 224. Wekeni madumu 12.

Pengine ya mwaka jana hayakuisha hata, yalichelewa tu. Dumu la lita 20 likiinamishwa kwenye mdomo wa chupa humwaga nusu na kujaza watu wawili kwa dakika. Wekeni majagi sita na watu wanne wa kumimina, foleni haitakuwepo. Madumu yawe ya maji tangu mwanzo. Lililowahi kubeba mafuta ya taa halisafishiki.

Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Kwa anayetetemeka au aliyetapika, kila lita ya maji safi itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu. Chumvi isizidishwe. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi huliwa zaidi ya ndizi baada ya kukanyaga kwa saa mbili, nanyi mtaona wenyewe.

Vijana wetu wengi wana black mamba (zile baiskeli nzito za chuma) au baiskeli za mtumba. Je, waruhusiwe? Na tairi gani zinafaa? (Msomaji, Kitale)

Waruhusiwe, tena wawe na mbio yao. Kilomita 30, waanze dakika 10 baada ya wa kilomita 60 ili wasiwe mbele ya kundi lenye kasi. Wa kwanza wao watamaliza baada ya kukanyaga karibu saa mbili, muda ambao viongozi wa mbio ndefu nao wanakaribia. Kwa hiyo gaweni mstari wa kumalizia kwa kamba ya katikati, kila mbio na upande wake. Tunavyoona sisi, watazamaji hushangilia black mamba kuliko baiskeli za kaboni, kwa kuwa ni baiskeli yao wenyewe.

Hatari ya black mamba ni breki. Raba hukandamiza rimu ya chuma kutoka ndani kwa fito, na chuma kikilowa breki zinakuwa za kubahatisha. Asubuhi ya mbio kagueni kila baiskeli: raba za breki, usukani usiolegea, nati za magurudumu, keria isiyocheza, na kota pini (vipini vinavyokaza mikono ya pedali kwenye ekseli). Kota pini iliyolegea utaisikia: mkono wa pedali unatoa mlio wa “tak” kila mzunguko. Fundi aigonge na kuikaza papo hapo. Mteremko mkali ukiwepo, watembee. Wekeni kibao na mtu.

Saizi za tyubu ndizo humkwamisha fundi. Black mamba ni inchi 28 kwa 1½, mtumba nyingi za mlimani ni inchi 26, na za changarawe ni 700C. Rimu zake hazibadilishani. Fundi wa kilomita 15 awe na tyubu 10 za kila aina, viraka, gundi, msasa, kota pini, viungo vya cheni na pampu mbili, kwa maana moja itakufa.

Upepo: mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya milimita 40 yenye tyubu aanze na psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 35 hadi 40. Ukijaza zaidi baiskeli inaruka kwenye kokoto, ukipunguza sana tyubu inabanwa na rimu kwenye jiwe na kutoboka matundu mawili kama ya meno ya nyoka. Asiyetumia tyubu atie dawa ya kuziba mililita 60 hadi 90 kila tairi, maana mbigili na miiba ya migunga haina huruma. Kwa mwenye kiraka: safisha, piga msasa, paka gundi na usubiri ikauke mpaka haishiki kidole. Kiraka kilichobandikwa gundi ingali mbichi kitafunguka kabla ya kilomita tano.

Alama za njia ziling'olewa na watoto. (Msomaji, Mbeya)

Na utepe wa kitambaa huliwa na mbuzi. Tumieni mishale ya chokaa chini: mmoja mita 50 kabla ya kona, mmoja kwenye kona, mmoja mita 100 baada yake. Huo wa tatu ndio unaomwambia mtu kwamba hajapotea. Ichorwe alfajiri ya mbio, na mchoraji apite na baiskeli, kwani mwenye gari huweka mshale mahali dereva anapouona. Ramani ya simu iwe nyongeza tu.

Na kupima muda hakuhitaji mitambo chini ya watu 150. Mmoja asome saa, wa pili aandike namba, wa tatu aandike namba bila kumtazama wa pili, na simu moja irekodi video ya mstari. Lakini hesabu iliyo muhimu kuliko nafasi za washindi ni hii: walioanza, waliomaliza, waliojitoa. Jumla isipokubaliana, bodaboda wa mwisho arudi njiani. Mtu aliyepanda matatu kwenda nyumbani bila kuaga amewahi kutafutwa porini hadi magharibi, kwa hiyo namba ya kifuani irudishwe kwa mkono.

Tunaona mbio kubwa za Maasai Mara. Nasi tuige? (Msomaji, Narok)

Migration Gravel Race ilianza 2021, nayo ni ya siku nne na takribani kilomita 650, ikihusisha kambi, magari ya mizigo na wageni kutoka nje. Mbio za hatua, yaani za siku kadhaa, hula fedha kila usiku. Anzeni na siku moja, miaka miwili mfululizo. Unbound, mbio za changarawe za Emporia, Kansas, Marekani, ambayo leo hukusanya maelfu, ilianza 2006 na watu wasiofika 40. Cha kuiga ni kuwaweka wageni na wenyeji kwenye mstari mmoja wa kuanzia, na ada mbili za usajili: ya mgeni ilipie pia namba ya kushiriki ya mwenyeji. Na pale penye wanyamapori, ongeeni na mamlaka yake kwanza, msianze gizani.

Zawadi tugawe vipi? Wanawake watano tu ndio walijiandikisha. (Msomaji wa kike, Eldoret)

Dada, zawadi ziwe sawa kwa wanawake na wanaume, hata kama wako watano, na mtangaze hivyo siku ya kufungua usajili. Mkisubiri idadi iongezeke kwanza, haitaongezeka. Gaweni fedha hadi nafasi ya kumi badala ya kuirundika kwa wa kwanza, ili aliyetoka mbali arudi na nauli. Choo chenye mlango na maji kiwepo mwanzo na kituo cha kilomita 15.

Fedha zitumwe kwa simu palepale, kabla ya hotuba, na majina yasomwe baada ya ujumbe kuingia. Siku moja kabla hakikisheni kiwango cha juu cha kutuma kwa siku kwenye laini yenu.