Ashram ya Rishikesh: nilikaa siku nne, soma hapa kabla hujalipa

Mkuu uliyeuliza kama Muislamu anaweza kukaa ashram (zile nyumba za Wahindu za ibada na yoga) pale Rishikesh, kaskazini mwa India, bila kulazimishwa kuabudu, na kama inafaa kwenda wiki hiyo mtakayokua mnasubiri kliniki ya mama Delhi, ngoja nikujibu maana mi yalinikuta hayohayo. Nilimpeleka mzee wangu Delhi kwa ajili ya moyo, akaruhusiwa kutoka ila daktari akasema msipande ndege kwanza mpaka arudi kuangaliwa, sa dada yangu akaona nimeanza kugombana na feni ya kile chumba tulichopanga, akaniambia wee nenda kazunguke huko, mzee nabaki nae mimi.

Hakuna atakayekulazimisha kuabudu. Pale mapokezi waliniuliza pasipoti, viza na nakaa siku ngapi, wakatoa kopi wakajaza fomu yao maana kila mgeni wa nje inabidi aripotiwe serikalini ndani ya masaa 24, dini hawakuigusa. Beba pasipoti yenyewe sio picha kwenye simu. Wanachokulazimisha wale ni ratiba, na hapo ndo wengi wanakwama, maana mtu anaenda akijua anaenda kupumzika kando ya mto kumbe amejiandikisha bweni la sekondari.

Kengele saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja watu wamekaa chini ukumbini kimya wamefumba macho, saa kumi na mbili na nusu yoga, chai saa mbili, chakula saa sita kamili sio na dakika tano, jioni arati, ile ibada yao ya taa, mtoni, saa tatu usiku geti linafungwa na ukichelewa utaongea na mlinzi ambae hajui Kiingereza. Kwangu ile kengele haikua shida kwa sababu Alfajiri nilikua naamka tu, nasali chumbani kwangu. Kilichonichanganya ni kibla. Sisi watu wa Tanga tumezoea kuelekea kaskazini, siku ya kwanza nimetandika kanga yangu kwa mazoea, nikaja kufungua simu inaniambia magharibi, kumbe nilikua nimeupa mgongo mlima na kuelekea choo cha jirani au vipi sijui, nikageuza kanga nikaanza upya.

Chakula sasa. Mji mzima hakuna nyama wala pombe, hilo najua umeshasoma, ila ndani ya ashram nyingi hakuna hata kitunguu maji wala thaumu, wanasema vinachemsha mwili na akili. Mnakaa chini mistari miwili mmetazamana, kila mtu na sinia lake la stili, anapita mtu na ndoo ya dengu anamwaga, nyuma yake mwingine na ndoo ya mboga, mwingine na chapati, na kubakiza ni aibu. Siku ya kwanza jamaa ananimwagia tu dengu inaelekea kufurika na mi nimeshikwa na hofu ya kubakiza, likanitoka la nyumbani, "basi basi basi!" na jamaa akasimama palepale akaenda kwa mwingine. Kumbe "bas" kwao ni hiyohiyo basi yetu. Siku nne zote nimekula kwa neno hilo moja. Af kuna harufu ilikua inanisumbua kwenye ile dengu, naijua ila siikumbuki, siku ya pili ndo ikanijia, mvuje! Ule mvuje bibi alikua anawafunga watoto wachanga mkononi wasisumbuliwe na mashetani, wenzetu wanaukaanga kwenye mafuta pamoja na bizari nyembamba badala ya kitunguu. Ukimaliza unaosha sinia lako mwenyewe pale bombani, hata kama umekuja na dereva.

Kuhusu mto, huu ndo Ganga (Ganges), mto wao mtakatifu. Unaanza kuitwa Ganga pale Devprayag, kama kilomita 70 juu ya Rishikesh, mito miwili inapokutana, na maji yanatoka kwenye barafu ya Himalaya kwa hiyo ni ya baridi ile ya kuuma mifupa hata kama juani unatokwa jasho. Usije ukaogelea, nakusihi. Unayaona ya kijani yametulia kumbe chini yanakimbia kama yamefukuzwa, mi nilishuka ngazi tatu tu nimeshika mnyororo waliofunga pale kwenye ngazi na ndala moja ikaondoka hapohapo sikuiona tena. Pale ashram ya Parmarth Niketan palikua na sanamu kubwa ya mungu wao Shiva mtoni, mafuriko ya Juni 2013 yaliisomba nzima nzima, sasa wewe na kilo zako 70 jipime.

Arati ya jua kuzama ya hapohapo Parmarth nenda kaone hata kama unakaa kwingine, ni bure. Vijana wa nguo za rangi ya manjano, moto kwanza, nyimbo, halafu zile taa kubwa za shaba zinazungushwa mbele ya maji. Mi mpaka wangu niliuweka kabla sijatoka chumbani: naangalia, taa sishiki na paji la uso halipakwi kitu. Mwenye sinia la taa aliponifikia niliweka mkono kifuani nikatikisa kichwa, akapita, hakukunja hata uso. Wewe mpaka wako utauweka mwenyewe, hapo sikufundishi.

Chumba cha pili yangu alikua mzee mmoja mstaafu, kaja na dumu la lita tano la kuchotea maji ya kupeleka kwao. Madumu hayo yanauzwa kila duka, na hata posta ya India inauza maji ya Ganga tangu 2016. Akaniuliza nashangaa nini, nikamwambia kwa Kiingereza cha kuungaunga sishangai, nakumbuka mahujaji wetu na madumu ya Zamzam uwanja wa ndege, akacheka sana akasema basi wewe ndo utanisaidia kulibeba. Na nililibeba kweli, mpaka ng'ambo ya Ram Jhula, daraja linanesa, mbele yetu ng'ombe kasimama katikati hataki kwenda wala kurudi.

Ng'ambo hiyo ndo kuna ashram ya guru Sivananda, yule alikua daktari huko nchi ya Malaya (Malaysia ya sasa) kabla ya kuacha yote, 1936 akaanzisha taasisi yake ya Divine Life Society, na wana hospitali ya hisani mpaka leo. Ile waliyokaa Beatles, bendi ya Waingereza, mwaka 1968 ni magofu ndani ya hifadhi ya Rajaji, ina kiingilio, kama hupendi miziki ya wazee pita tu. Daraja la Lakshman Jhula lilifungwa 2020 kwa hiyo usidanganywe na picha za zamani.

Sasa hela. Mi nilipigwa mapema kabisa, nilituma advansi kwa tovuti iliyojifanya ndo ya ashram fulani, picha safi, nimefika wananiambia hatukujui na hiyo namba sio yetu. Wengi hawadai hela nyingi kabla hujafika, ukiona mtu anakuharakisha ulipe leoleo kimbia. Nilihamia nyingine nikalipa rupia 900 kwa usiku, chakula ndani.

Usiende Julai na Agosti, mto unakua tope na ndo msimu wa Kanwar, hija yao ya kuchota maji ya Ganga, mahujaji wanajaa barabarani kwa malaki. Beba sweta, ndizi usizishike mkononi nyani wanapora mchana kweupe.

Kutoka Delhi panda treni ya Shatabdi ya asubuhi mpaka Haridwar, masaa kama matano, halafu kilomita 25 hivi kwa bajaji za kuchangia, na bei ya kwanza usiikubali, bajaji asili yake ni kwao. Tiketi ya kurudi kata mapema pia. Mi nilizembea nikarudi kwa basi usiku kucha magoti yapo kifuani, na mzee wangu alivyoniona asubuhi akamuuliza dada kwani mgonjwa ni nani hapa.