Matandazo ya maranda yamegeuza mchicha wangu njano

SWALI: Nina matuta ya mchicha na nyanya hapa Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilitandaza maranda mabichi ya mbao na kuyachanganya kidogo na udongo. Mchicha sasa umekuwa wa njano, na mchwa wameanza kuonekana. Niyaondoe yote?

JIBU: Kosa ni kule kuyachanganya na udongo. Vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani rangi ya kijani, nayo huinyonya pale pale kwenye udongo. Mchicha ndio huumia kwanza. Majani ya chini hutangulia kuwa njano.

Yakwangue yaliyo juu, yalundike pembeni na uyanyeshee maji yaoze kwa miezi kadhaa. Yaliyokwisha kuingia udongoni yaache. Ili kurudisha naitrojeni, nyunyiza mbolea ya urea gramu 10 kwa kila mita moja ya mraba, mbali na mashina, kisha mwagilia papo hapo.

Kwenye mchicha, tandaza nyasi kavu zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo utakuwa unapanda magugu. Palilia na umwagilie kwanza, kwani matandazo juu ya udongo mkavu huzuia mvua ndogo isifike chini. Sentimita 3 zinatosha mchicha; nyanya zipe 5 hadi 8, ukiacha sentimita 5 wazi kuzunguka shina lisioze.

Mchwa hupenda mabua na nyasi kavu. Wakizidi, punguza unene na uufunue udongo karibu na mashina. Ongeza nyasi kila udongo unapoanza kuonekana.